Ya Tatu Kutoka Juu

Nianze na ile mutasikia kwa watu wengine: eti Fabiola wa Majengo alifuta wakimbizi mia tatu ndani ya kompyuta. Ni uongo. Sikufuta hata mumoja. Nilihamisha amri mbili tu ndani ya menu, ya tatu ikashuka, ya tano ikapanda, na ilinichukua dakika sita. Kiisha municheke ama munitukane, ni sawa, lakini musikie kwangu kwanza.

Bon. Biro yetu ilikuwa Katoyi, hapa Goma, nyumba ya kupanga yenye ukuta wa mawe meusi. Ule mwaka vita ilikuwa imerudi upande wa Kibumba. Watu walikuwa wanashuka na magodoro ku kichwa, na kambi yenye tulikuwa tunasimamia ilikuwa inavimba kila siku sawa unga wa mandazi. Kazi yangu ilikuwa kuchora ile kambi. Na si kuchora ya penseli! Tulikuwa na programu moja yenye inafanya vitu viwili: upande mumoja unachora, upande mwingine unaandika fiche. Unachora kibanda, kamraba kadogo tu, kiisha unakifunga na fiche ya wenye kulala ndani: jina la mukubwa wa nyumba, watoto wangapi, walitoka kijiji gani. Ukibonyeza kamraba, fiche inafunguka. Kibanda chenye kimefungwa na fiche kinakuwa bleu. Chenye hakina fiche kinabakia kijivu. Na kibanda cha kijivu hakitoki ku liste, na mutu asiyetoka ku liste hapati shitingi, ile plastiki ya kufunika nyumba, mvua imupige namna gani.

Miezi mitatu nilikuwa peke yangu mbele ya ile mashini, na nilikuwa malkia. Mimi nilisoma informatique miaka tatu, niko na diplome yangu, mama aliiweka ndani ya kioo karibu na picha ya Bikira Maria, na mugeni akiingia hapewi chai mbele ya kuisoma. Chef wetu, papa Bagalwa, Mushi mumoja murefu wa upande wa Bukavu, mwenye sauti ya padiri, alikuwaka ananiita "docteur". Carlos, dereva, alikuwaka ananipa kiti cha mbele ndani ya jeep. Kiti cha mbele! Hata muhasibu alikuwa anakaa nyuma na makarton.

Kiisha akakuja Jamila.

Jamila ni binti ya muzee Assumani, yule wa kuuza vitenge. Ni Waislamu wa zamani wa hapa Goma, babu zao walitoka Maniema. Hakusoma institut. Aliishia ku diplome d'État, ile ya kumaliza sekondari, basi. Lakini siku ya kwanza alikaa ku mashini ya pili, akasukuma souris, ile panya ya mashini, pembeni sawa mutu anaondoa sahani chafu, akaweka mikono yote mbili ku klavye, na vidole vikaanza kukimbia. Kra-kra-kra. Menu zilikuwa zinafunguka na kufunga mbele sijasoma hata jina. Ile nachora kwa saa moja, alimaliza kwa dakika kumi na tano, na vibanda vyote bleu, bleu, bleu, sawa maji ya ziwa.

Papa Bagalwa alisimama nyuma yake, kikombe mukononi, chai ikapoa.

"Wewe mutoto," akasema, "nani alikufundisha?"

"Kaka yangu Twahiru, papa. Mashini yake souris ilikufa. Na iliandika Kiingereza tupu. Mimi Kiingereza sijui. Donc nilijua mahali tu."

"Mahali gani?"

"Mahali pa kila amri, papa. Menu ya Lien ni ya tatu kuume. Kufunga ni ya kwanza chini. Kufuata ni ya pili. Kuhakikisha ni ya tatu. Siangalii jina."

Na kweli, hakuwa anasoma. Alikuwaka anahesabu kwa midomo. Kila akimaliza mustari wa vibanda, anapiga Vérifier ili programu imuonyeshe kama kuna nyumba imekosa fiche, na utamusikia: "Tatu, tatu, ndio, ndio." Zile ndio mbili ni za kujibu maswali ya programu, juu ile programu iliogopa sana, kila kitu inakuuliza mara mbili kama uko na hakika. Tatu, tatu, ndio, ndio. Asubuhi. Saa sita. Saa tisa. Nilianza kuisikia mpaka nyumbani, nikikoroga bugali.

Carlos njo alinimaliza. Siku moja aliingia kutafuta funguo, akatuangalia sisi wawili, akacheka.

"Fabi, wewe unasukuma ile souris sawa mutu anapiga pasi. Angalia mwenzako! Huyu anapiga kinanda ya misa!"

"Yeye si Mukatoliki," nikamujibu.

"Ata! Ndani ya hii biro atakuwa."

Jamila akacheka na yeye, kucheka kuzuri, ya kufunika mudomo. Jioni, tulipotoka, mulango wa mbele wa jeep ulifunguka na Carlos akasema, "Jamila, pita." Nilikaa nyuma na makarton. Barabara ya mawe yote ya Katoyi niliihesabu na makalio yangu.

Musinikate, niko nakuja ku menu.

Siku ya kwanza ya juma, papa Bagalwa alitukusanya. Alivaa ile sura ya kutangaza kifo. Wale wa juu walipunguza projet, akasema, mwisho wa mwezi atabakia mutu mumoja tu wa kuchora. Mumoja. Siku ya tano atafika mama Béata, ingénieur wa biro kubwa, atakaa mbele ya kila mashini, atataja jina la familia, na kila mutu atamuonyesha nyumba yao. Yeye na papa Bagalwa watachagua palepale. Na siku ya posho, kesho yake, kambi nzima itagawiwa shitingi kufuatana na liste zetu: mimi bloc za juu, Jamila bloc ya chini, ile ya watu wa Kibumba, vibanda mia tatu na kumi na nane.

"Ni nyinyi wenyewe mutajionyesha," akasema. "Mimi sina mutoto wa kupenda."

Lakini macho yake yalikuwa ku vidole vya Jamila. Niliyaona!

Ile nafasi ilikuwa yangu. Mimi njo nilifungua ile kambi ndani ya mashini, mimi njo nilichora choo ya kwanza. Nilienda nyumbani, sikukula. Mama akaniuliza nini, nikamwambia kichwa. Ile usiku wote nilikuwa nawaza vidole vya mutu mwingine, munaweza kuamini? Vidole! Kama angekuwa muzuri wa sura kunishinda ningejua namna ya kujibu, kuko mafuta, kuko wigi. Lakini vidole unajibu na nini?

Asubuhi nikaanza kufungua menu zote za programu, moja kwa moja, kutafuta kitu chenye mimi najua na yeye hajui. Kwani sikusoma bure! Na chini kabisa ya menu ya Outils, mahali hakuna mutu anafika, nikakuta: Personnaliser les menus. Nikabonyeza. Menu zote zikaonekana sawa nguo ku kamba, na unaweza kutoa hii hapa, kutundika pale. Amri yoyote, mahali popote.

Nikafunga mbio. Nikaangalia nyuma sawa nimeiba.

Sikufanya ile siku. Wala kesho yake. Nawaambia ukweli, siku ya tatu nilisema hata Salamu Maria moja nzima ili hii wazo initoke. Kiisha siku ya ine, saa sita na nusu, Carlos akaingia na sambusa ndani ya gazeti, zingali na moto, akaweka ku meza ya Jamila. Sambusa ine. Akaniangalia.

"Fabi, uko na carême, unafunga, ama?"

"Tuko mwezi wa kumi, Carlos."

"Ah. Basi Jamila atakupa moja."

Jamila alinipa mbili, tena. Akasimama, akajitengeneza kitambaa ya kichwa, akaenda kusali ndani ya depot ya nyuma, kama kila siku. Papa Bagalwa alikuwa inje ku simu. Nilibakia na sambusa mbili mukononi na mashini yake mbele yangu, wazi.

Nikazila kwanza. Kiisha nikakaa ku kiti yake.

Ndani ya menu ya Lien kulikuwa amri tano: Lier, Suivre, Vérifier, Délier, na ya mwisho Délier tout, ile ya kufungua nyumba zote na fiche zote kwa mara moja, yenye hatutumiaka. Nikatoa Vérifier ku nafasi ya tatu, nikaiweka ya tano. Nikatoa Délier tout ku tano, nikaiweka ya tatu. Nikapangusa mafuta ya sambusa ku klavye na kanzu yangu. Dakika sita. Alipotoka kusali nilikuwa ku mashini yangu, napiga pasi.

Nilifikiri nini? Nilifikiri atapoteza kidogo, atachanganyikiwa, mama Béata atamukuta anatafuta amri sawa mutu anatafuta kiatu. Basi. Na kama itafunguka, kuko Annuler, atarudisha. Njo nilifikiri.

Jamila akamaliza mustari wake wa mwisho. Nikamusikia.

"Tatu, tatu, ndio, ndio."

Kiisha kiti yake ikasukumwa nyuma.

Nikainua macho polepole. Bloc nzima ya Kibumba ilikuwa kijivu. Mia tatu na kumi na nane. Sawa majivu ya mulima wa moto yalimwangika pale.

"Fabiola," akasema, kidogo kidogo. "Kuja uone."

Nikaenda, nikashika kifua, nikafanya "Eh! Yesu!" Na ndani mwangu, nawaapia, kulikuwa kwaya inaimba. Yeye akapiga Annuler. Mustari moja ya kuchora ikarudi nyuma, kibanda kimoja kikatoka. Akapiga tena. Kibanda kingine kikatoka. Rangi haikurudi. Njo pale mimi pia nikaelewa: Annuler ya ile programu inarudisha michoro tu. Mambo ya fiche hairudishi. Nyumba zilikuwa pale, fiche zilikuwa pale, majina yote, lakini hakuna mwenye kujua nani analala wapi.

Papa Bagalwa akaingia. Hakupiga kelele, na ile ilikuwa mbaya zaidi.

"Copie ya mwisho ni ya lini?"

"Ya juma mbili, papa," Jamila akajibu. "Bloc yangu haikuwa imeanza."

"Ulipiga nini?"

"Nilipiga ya tatu, papa. Ile nayopiga kila siku."

"Na ilikuuliza?"

"Iliuliza mara mbili. Nilijibu ndio." Machozi yalikuwa yanashuka mpaka ku kidevu na hakuyapangusa. "Sikusoma."

Jioni papa Bagalwa alinisindikiza mpaka ku barrière ya kutokea. Akaniambia, macho chini, "Docteur, naona ile jambo imejijibu yenyewe. Kesho tutasaini." Docteur! Aliniita tena docteur! Nikakimbia mpaka Majengo sikuhisi mawe. Mama akapiga vigelegele, majirani wakatoka, na mbele ya saa kumi na mbili kila mutu wa kwaya yetu alijua Fabiola amechukuliwa kazi ya kudumu. Mama akachinja kuku. Ile kuku, nikiikumbuka, bado inanikaba.

Siku ya tano asubuhi ilianza na mama Nyirakamana. Ni mwanamuke wa Kibumba, kule alikuwaka analima viazi, na ku kambi watu walimuchagua awe mukubwa wa mistari yao. Alifika na shuka lote maji, mvua ilikuwa imewapiga toka alfajiri.

"Nimekuja kuchukua liste ya watu wangu," akasema. "Jamila iko wapi?"

"Kwani mimi siwezi kukusaidia?" nikamuuliza.

"Wewe ni nani?"

"Fabiola. Mimi njo mukubwa wa kuchora."

Akaniangalia toka juu mpaka ku viatu. "Nyumbani kwangu sijawahi kukuona. Jamila alikaa ku jiwe langu, akala viazi vyangu, akauliza jina la kila mutoto. Niitie huyu."

Munaona? Hata wenye kulala ndani ya maji walikuwa wake!

Jamila alitoka, akamushika mukono, akamuelezea. Hakusema "programu ilikosa." Alisema, "Mama, nimepoteza nyumba zenu." Nyirakamana akakaa chini ku ngazi. "Basi kesho watoto wetu watafunikwa na nini? Na majani ya migomba tena?" Carlos akaleta chai. Kwa nani? Kwa wote wawili. Muhasibu akaleta kiti. Papa Bagalwa akaleta kitambaa chake cha mufuko, safi, cha kukunja ine, akamupa Jamila. Mimi nilikuwa nimeshinda, na hakuna mutu aliniletea hata maji.

Saa ine mama Béata akafika. Mwanamuke mufupi, nywele fupi, miwani ku kamba, anatembea mbio. Papa Bagalwa akamuelezea habari yote ku mulango, kwa sauti ya mazishi. Yeye akakaa moja kwa moja ku mashini ya Jamila, akafungua menu ya Lien. Akavua miwani, akavaa tena.

"Nani amepanga hii menu?"

Akaweka kidole ku kioo cha mashini.

"Vérifier iko chini. Délier tout iko juu. Hii haikutoka hivi ku fabrique. Mutu amefungua Personnaliser." Akageuka na kiti. Alikuwa anatabasamu! "Niko na hii programu miaka sita. Nimefika mu biro makumi mbili. Sijaona hata siku moja mutu wa terrain, wa kushinda ku kambi, mwenye anajua kama Personnaliser iko. Ni nani?"

Papa Bagalwa akakuna kichwa. "Hii ni mashini ya Jamila, mama. Huyu njo mwenye vidole."

"Ni wewe, mutoto?"

"Mama, mimi..." Jamila akaanza.

"Usiogope. Naona vile ilienda. Ulijipangia menu ili vidole vifike upesi, kiisha ukasahau mupango wako mwenyewe. Ni kosa, ndio, na ni kosa kubwa. Lakini ni kosa ya mutu mwenye akili, si ya mujinga. Bagalwa, mutu wa kufungua Personnaliser peke yake, bila kufundishwa, huyu simutupi. Huyu namupeleka mbele."

Na papa Bagalwa akaanza kutikisa kichwa cha ndio, polepole, na ule uso wake wa kifo ukafunguka. Carlos ku dirisha akasema, "Niliwaambia!" Niliwaambia nini, Carlos? Uliwaambia nini?

Nilijua ya kufanya. Kunyamaza. Hata Jamila angebakia, mimi sikuwa nimekosa kitu, hakuna mutu alinitazama, labda wangetushika wote wawili, labda wangeniambia kwaheri kwa heshima na barua nzuri. Lakini nilimwona Jamila amekaa pale na kitambaa cha papa Bagalwa mukononi, amepewa vidole, amepewa viazi vya Nyirakamana, amepewa kiti cha mbele, na sasa anapewa hata Personnaliser yangu. Yangu! Niliitafuta siku nzima! Ile kitu moja peke yake, ndani ya ile biro yote, yenye mimi nilijua na yeye hakujua!

"Ni mimi!" nikapiga kelele.

Wakageuka.

"Ni mimi nilifungua Personnaliser! Huyu hajui hata iko wapi! Mumuulize! Jamila, iko ndani ya menu gani?"

"Sijui," Jamila akasema.

"Munasikia? Hajui! Iko Outils, chini kabisa! Mimi njo nilihamisha Vérifier, mimi njo nilipandisha Délier tout, jana, akiwa anasali, juu najua anahesabu tatu bila kusoma! Hakuna mutu alinifundisha! Peke yangu!"

Nilikuwa napumua sawa mutu amepanda mulima. Na nawaambia kitu cha haya: kwa ile dakika moja nilikuwa nangojea mama Béata anitabasamie.

Hakutabasamu. Alivua miwani, ikaanguka ku kamba yake.

Njo nikasikia mwenyewe yale nimesema.

Mama Nyirakamana, ku ngazi, hakuwa anaelewa mambo ya menu, lakini sauti alielewa. "Ni wewe njo ulitufuta?"

"Sikuwafuta, mama. Nilihamisha tu..."

"Kwa sababu gani? Tulikukosea nini?"

Mungejibu nini nyinyi? Sambusa?

Papa Bagalwa aliongea, na hakuniita docteur wala mutoto. "Fabiola. Rudisha ile menu vile ilikuwa."

Nilikaa ku kiti ya Jamila, wote nyuma yangu, nikarudisha. Souris ikanikimbia mara mbili. Jamila alisimama karibu, nilisikia harufu ya udi ku kitambaa yake. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alisema tu, "Pole pole. Ya tatu. Hapo."

Mama Béata akaangalia saa. "Kesho shitingi zinagawiwa. Fiche mia tatu na kumi na nane, nyumba mia tatu na kumi na nane. Nani anazijua?"

"Mimi najua nyingi," Jamila akasema. "Lakini si zote."

"Zingine mimi nazijua," akasema Nyirakamana, akasimama.

"Basi mashini ya kubeba, plan ya karatasi, nyinyi wawili ndani ya jeep. Na huyu," akanionyesha na kidole bila kuniangalia, "atabeba mwavuli juu ya mashini."

Jamila akakaa mbele. Nyirakamana na mimi nyuma.

Sijui kama mulishawahi kushika mwavuli saa sita nzima juu ya kompyuta. Tulipita mustari kwa mustari, ku mawe yenye kukata, matope mpaka ku goti. Nyirakamana anaita ku mulango, mutu anatoa kichwa, anasema jina, Jamila anatafuta fiche, anafunga. Kibanda kinakuwa bleu. Kwa mbali upande wa Kibumba kulikuwa kunasikika bunduki kubwa, na kila ikilia watu wanahesabu watoto kwa macho. Mimi niliona kitu ile siku: ule mukono wangu ulichora vibanda mia sita ku bloc za juu, na hakuna hata kimoja nilikuwa nimeinamisha kichwa kuingia. Jamila walikuwa wanamuita ndani. Muzee mumoja, Twagirayezu, mwenye mukono mumoja, alimupa kiti cha jerikani ya mafuta na akakataa kumuacha mbele amalize kumuelezea ng'ombe zake zote kumi na moja zenye zilibakia Kibumba. Jamila akazisikiliza zote kumi na moja. Mimi nilisimama inje na mwavuli nikawaza: hata ng'ombe!

Ndiyo, bado wivu. Munafikiri inatoka kwa siku moja?

Ilipofika jioni tulikuwa tumefunga nyumba mia tatu kamili. Kumi na nane wenyewe hawakuwepo, walikuwa wameenda kutafuta kuni, na askari hawaruhusu kubakia ku kambi ikishaingia giza. Tukarudi Katoyi. Mama Béata alikuwa amekwenda. Papa Bagalwa alikuwa na karatasi mbili ku meza. Ya kwanza Jamila alisaini amesimama, matope ku mikono, akaacha alama ya kidole. Ya pili ilikuwa yangu. Ilikuwa na mistari mitatu na neno moja, "faute", kosa, lenye nitalibeba kila biro nitakayopiga hodi hapa Goma, juu hapa ma-ONG, wale wa musaada, wote wanapigiana simu.

Nikatoa badge yangu ku shingo, nikaiweka.

Jamila akanifuata mpaka ku barrière. Mvua ilikuwa imekatika. Carlos alikuwa ndani ya jeep, anaangalia upande mwingine, anajifanya anatafuta musique ku radio.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi," Jamila akasema. "Ziko kumi na nane. Peke yangu sitamaliza mbele camion ya shitingi ifike."

Nikafurahi! Nawaambia, nilifurahi sawa mujinga. Nikamushika mukono. "Nitakuja! Jamila, nitakuja, na kesho kutwa nitakuja tena, nitakusaidia bloc za juu, nitakuonyesha yote yenye iko Outils..."

Akatoa mukono wake, bila nguvu, sawa mutu anatoa uzi ku sindano.

"Kesho," akasema. "Kesho kutwa hapana."

Kesho yake nilifika saa kumi na moja na nusu, mbele yake, mbele ya Carlos. Tulifunga zote kumi na nane. Camion ilifika saa tatu, wakaita majina kufuatana na liste ya Jamila, hakuna hata mutu mumoja alibakia mikono mitupu, na mama Nyirakamana alichukua shitingi yake, akaiweka ku kichwa, akapita mbele yangu bila kunisalimia. Kiisha Carlos akafungua mulango wa mbele ya jeep kwa Jamila, na mimi nikapanda taksi ya pikipiki, nikaenda kumuelezea mama habari ya ile kuku alichinja bure.